Kiwiko cha Mto Kagera na Kuanguka kwa Bandari ya Mwanza, 1916: Karagwe na Kyerwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Julai 1916 vikosi vya Uingereza viliingia Mwanza, bandari kuu ya Wajerumani katika ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria. Historia za kijeshi zilizoandikwa na washindi hulieleza tukio hilo kama kazi ya majini: meli zilipakia askari, askari wakateremshwa usiku mashariki ya mji, na baada ya siku chache za mapigano madogo mji ukatwaliwa. Maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yanavyokwenda. Yanayoachwa nje ni swali la kwa nini mji uliokuwa umelindwa kwa karibu miaka miwili ulitwaliwa kwa gharama ndogo namna ile.

Makala haya yanatoa hoja kwamba jibu la swali hilo haliko bandarini. Liko upande wa pili wa ziwa, katika nchi isiyogusa ziwa kabisa, yaani Karagwe ya wakati ule, ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera. Mstari wa ulinzi wa Wajerumani uliopita hapo ulivunjika mwezi Juni 1916 bila vita kubwa, na kuvunjika kwake ndiko kulikoiacha Mwanza peke yake. Iwapo hoja hii inakubalika, basi nafasi ya Karagwe katika historia ya vita hivi inahitaji kuandikwa upya, kwa kuwa hadi sasa imetajwa kama njia tu waliyopita watu wengine.

Tahadhari moja inafaa kutangulizwa. Kyerwa ilitengwa na Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Kuitaja Kyerwa katika habari za 1916 ni kutumia jina la sasa kwa ardhi ya zamani. Linatumika hapa kwa sababu linamwonyesha msomaji mahali hasa panapozungumziwa, si kwa kudai kwamba palikuwapo utawala wa jina hilo. Aidha, kwa wakazi wengi wa Kagera wa leo neno vita, likitajwa bila maelezo, huwapeleka moja kwa moja kwenye miaka ya 1978 na 1979, majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi iliyo kaskazini ya mto na daraja la Kyaka kuvunjwa. Kumbukumbu hiyo mpya imeifunika ile ya kale, ingawa vita vyote viwili viliutegemea mto mmoja.

2.0 Mto, mpaka na kiwiko

Mto Kagera hushuka kutoka kusini ukielekea kaskazini, ukiitenga Rwanda na Karagwe. Ufikapo kaskazini ya Kyerwa, karibu na Murongo, mahali panapotazamana na Kikagati ya Uganda, hukunja na kuelekea mashariki, ukapita Kyaka na kuingia ziwani. Mkunjo huo una umbo la kiwiko cha mkono, na Kyerwa iko ndani ya kiwiko. Mtu akisimama pembeni hapo ana Rwanda magharibi yake na Uganda kaskazini yake, na maji ya mto mmoja yanamtenga na zote mbili.

Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi hizi mwaka 1890, mpaka wa magharibi ya ziwa waliuchora juu ya mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta. Mstari wa kalamu haukujali mto. Kwa hiyo, upande wa mashariki, ardhi kubwa iliyo ng'ambo ya kaskazini ya Kagera ikawa ya Wajerumani, ambayo ndiyo hiyo iliyokuja kudaiwa na Idi Amin mwaka 1978. Vita vilipoanza Agosti 1914 ilionekana mara moja kwamba ardhi hiyo haiwezi kulindwa na upande wowote kwa raha. Mpaka halisi wa kivita ukawa mto wenyewe. Kaskazini yake walikaa askari wa Uganda, wakiwamo polisi, King's African Rifles na wanajeshi wa kujitolea wa Buganda. Kusini yake walikaa askari wa Wajerumani waliotegemea boma la Bukoba, boma lililoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Palikuwa na mashambulizi ya hapa na pale na uvamizi wa kuvuka na kurudi. Hakuna upande uliosonga mbele na kukaa.

Hali hiyo ilidumu hata baada ya shambulio la Bukoba la Juni 1915. Waingereza walitoka Kisumu kwa stima, wakaiteka Bukoba kwa siku mbili, wakaibomoa ngome na mtambo wa simu ya upepo, wakaacha askari wao wapore mji, kisha wakaondoka. Shambulio hilo limeandikwa sana, bila shaka kwa sababu Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, alikuwamo. Kwa mtazamo wa makala haya umuhimu wake ni mdogo. Mstari wa Kagera haukutikisika, na Wajerumani walirudi Bukoba. Kumpiga adui mgongoni kutoka ziwani hakukutosha kumng'oa mtoni.

3.0 Mwanza ilikuwa na nini

Kabla ya vita, mizigo ya Mwanza na Bukoba, yaani ngozi, kahawa, karanga na pamba, haikwenda Dar es Salaam. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Mizigo ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda reli ya Uganda na kuteremkia Mombasa. Bandari ya Wajerumani iliishi kwa reli ya Waingereza, na vita vilipozuka njia hiyo ilifungwa siku moja.

Hata hivyo Mwanza haikufa. Ilikuwa na mtambo wa simu ya upepo uliokuwa miongoni mwa viungo vichache vya mawasiliano katika eneo lote la kaskazini-magharibi. Ilikuwa soko la ng'ombe wa Usukuma na ghala la mpunga wa Ukerewe, na ilizungukwa na nchi yenye watu wengi waliochukuliwa kuwa askari na wapagazi. Ilipewa hata mzinga mmoja wa manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Kutoka Mwanza ndiko kilikotoka kikosi kilichovamia Kisii mnamo Septemba 1914. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu nao ulikuwa mkubwa: ziwa lilikuwa mali ya adui. Waingereza walikuwa na kundi la stima, kama vile Winifred, Kavirondo, Nyanza, Usoga na Sybil, ambazo zilifungwa mizinga. Wajerumani walikuwa na stima ndogo na mashua. Hivyo Bukoba na Mwanza zilitenganishwa na maji ambayo Mjerumani hakuweza kuyavuka kwa usalama, na njia iliyobaki ya kuunganisha askari wa Kagera na askari wa Mwanza ilikuwa ya nchi kavu, kupitia kusini ya Karagwe, Biharamulo na kuzunguka pembe ya kusini-magharibi ya ziwa.

Njia hiyo ya nchi kavu ndiyo kiini cha jambo lote. Aliyeishika alikuwa amewatenga askari wa Kagera na wa Mwanza, na kila kundi lingepaswa kujitetea lenyewe.

4.0 Mei hadi Julai 1916

Mwaka 1916 vita vilibadilika. Jenerali Smuts alianza kusonga kutoka Kilimanjaro mwezi Machi, na Lettow-Vorbeck akakusanya nguvu zake upande wa kaskazini-mashariki. Magharibi yote aliachiwa Jenerali Wahle, makao yake yakiwa Tabora. Mwezi Aprili majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yalianza kuvuka. Brigedi ya kaskazini ya Kanali Molitor iliingia Rwanda na kufika Kigali tarehe 6 Mei. Brigedi ya kusini ya Kanali Olsen ilielekea Burundi, na mwishoni mwa Julai ikachukua Kigoma.

Kufika kwa Molitor Kigali kulikuwa hukumu kwa askari wa mstari wa Kagera, ingawa hukumu hiyo ilichukua wiki kadhaa kutekelezwa. Mpaka hapo kiwiko cha mto kilikuwa nguvu ya Wajerumani: mkono mmoja wa mto uliwakinga na Uganda, na mkono wa pili ulikuwa mpaka wao wa ndani na Rwanda, nchi iliyokuwa chini yao. Rwanda ilipopotea, mkono wa pili ukawa mpaka na adui. Mstari uliokuwa ukitazama kaskazini ukalazimika kutazama magharibi pia, bila kuongezewa askari hata mmoja.

Kamanda wa Bukoba alikuwa Kapteni Gudowius, ambaye kabla ya vita alipata kukaimu ukazi wa Rwanda. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu aliyeijua Rwanda kiasi hicho hakuelewa maana ya kupotea kwa Kigali. Mwezi Juni Wabelgiji walivuka Kagera katika sehemu yake ya kusini, wakaacha Karagwe kaskazini yao na kushika Biharamulo tarehe 24 Juni. Kutoka hapo walisonga hadi Namirembe, ufukoni mwa ziwa. Huku nyuma, mapema mwezi huohuo, Waingereza walikuwa wamekitwaa kisiwa cha Ukerewe, na ghala la mpunga la Mwanza likapotea pamoja nacho.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Karagwe haikushambuliwa. Ilizungukwa. Kiwiko kilichokuwa ngome kiligeuka mtego, na waliokuwa ndani yake walikuwa na siku chache za kutoka kabla mdomo wa mtego haujafungwa kule kusini. Walitoka. Mwishoni mwa Juni Bukoba na Karagwe ziliachwa, na askari wa Uganda walivuka mto na kuzikalia kwa upinzani mdogo sana. Gudowius aliwaongoza watu wake kusini akitafuta njia ya kupenya, na tarehe 3 Julai alikutana na Wabelgiji wa Meja Rouling mahali paitwapo Kato. Mapigano yalikuwa makali. Rouling alijeruhiwa vibaya, na Gudowius mwenyewe alijeruhiwa akachukuliwa mateka. Baadhi ya askari wake walipenya. Lakini kikosi cha Kagera, kama kikosi, kilikuwa kimekwisha.

Siku kumi na moja zilitenganisha Kato na kuingia kwa Waingereza Mwanza. Brigedia Jenerali Charles Crewe, Mwafrika Kusini aliyekuwa ametumwa awali kupatanisha mipango ya Waingereza na Wabelgiji kisha akapewa amri ya Kikosi cha Ziwa, alikusanya askari wapatao 1,800. Sasa hakuwa na haja ya kubakiza walinzi wengi mtoni. Wanajeshi waliokuwa wamefungwa na mstari wa Kagera kwa miezi 22 walipakiwa melini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai wa kwanza waliteremshwa Kongoro, mashariki ya Mwanza, na wengine wakafuata. Kapteni von Chappuis, aliyeushika mji, hakuwa na wa kumtegemea kutoka magharibi. Alichagua kuwaokoa askari wake badala ya mji, akaondoka kwa mashua na stima kupitia ghuba kuelekea kusini, kisha kwa njia ya Tabora. Mtambo wa simu ya upepo uliharibiwa kabla ya kuondoka. Waingereza waliingia tarehe 14.

5.0 Chakula, mizigo na ukimya wa vyanzo

Maelezo ya sehemu iliyotangulia yametegemea mienendo ya makamanda kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Wanyambo wa Karagwe hawamo, na mtafiti atakayesoma taarifa za kijeshi za Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani atakuta nchi yenye mito, vilima na njia, lakini kana kwamba haikaliwi na mtu. Kujaza pengo hilo kwa dhana si kazi ya mwanahistoria. Hata hivyo kuna mambo ambayo hesabu ya kawaida inaweza kuyathibitisha bila kuhitaji taarifa ya ofisa yeyote.

Jeshi la nchi hizi lilikwenda kwa mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi, na chakula chake cha siku, kikiwa nafaka, kilo moja. Akitumwa safari ya siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, atakula kilo 20 na kufikisha kilo 5. Jeshi lolote lililokaa siku nyingi mbali na bohari yake lilikula kwa wenyeji; hapakuwa na namna nyingine. Wabelgiji walilijua hilo. Februari 1916, katika mkutano wa Lutobo huko Ankole, Tombeur na Gavana Jackson wa Uganda walikubaliana kwamba Uganda itoe wapagazi wapatao 5,000 na magari ya ng'ombe, na bila makubaliano hayo safari ya Kigali isingeanza. Wapagazi hao waliandikishwa kama kikosi maalumu cha Wabelgiji, na wengi wao hawakurudi makwao. Maradhi, hasa ya kuhara, yaliwaua kuliko risasi.

Sasa Karagwe ilikuwa nchi ya ndizi. Mpunga wa Ukerewe au mtama wa Usukuma unaweza kuwekwa ghalani, ukapimwa, ukafungwa gunia na kusafirishwa. Ndizi haina ghala. Mkungu uliokatwa huanza kuiva baada ya siku chache, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na maganda, mpagazi anayebeba ndizi mbichi hubeba lishe kidogo mara kadhaa kuliko anayebeba nafaka. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kikosi cha askari hakikuweza kujiwekea akiba kubwa Karagwe kwa ajili ya kuzingirwa. Njia ya kusini ikifungwa, muda wa kuhimili ulikuwa mfupi. Jambo hili halitajwi na waandishi wa kijeshi, lakini linasaidia kueleza kwa nini mstari uliodumu miezi 22 uliachwa ndani ya siku chache. Pili, askari aliyepita alichukua chakula shambani kwenyewe, siku ileile, kutoka kwenye kihamba cha mtu fulani. Mkulima wa nafaka aliyeficha gunia alikuwa na tumaini. Mgomba hauwezi kufichwa.

Lazima ikumbukwe pia kwamba watu hawa hawakuingia vitani wakiwa na siha. Ufalme ambao Speke na Grant waliukuta mwaka 1861 chini ya Rumanyika, wenye ng'ombe wengi na biashara ya mbali, ulikuwa umekwisha kuvunjwa nguvu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, ndui na funza vikafuata, na ugomvi wa urithi wa kiti ukadhoofisha Bweranyange. Israel Katoke, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe kilichapishwa mwaka 1975, aliueleza mporomoko huo kwa kina. Nchi iliyokuwa na watu wachache kuliko zamani iliombwa kulisha askari wa Mjerumani kwa miezi 22, kisha ikaombwa na waliokuja baada yake. Kwa mkulima, bendera ilibadilika mwishoni mwa Juni 1916. Madai yaliyoletwa chini ya bendera yalikuwa yaleyale.

Inawezekana kudai kwamba hoja ya kiwiko inaipa Karagwe umuhimu ambao wenyeji wake hawakuuchagua, na dai hilo lina uzito. Karagwe haikuamua kuwa mstari, wala haikuamua kuachwa. Lakini mtafiti akiuchukua ukweli huo kama sababu ya kuiacha nje ya masimulizi, atakuwa amekubali kigezo cha makamanda kwamba historia ni ya waliotoa amri.

6.0 Mpaka ulioachwa na ushindi

Ushindi wa Mwanza haukuwafurahisha washirika wote wawili kwa kiasi kimoja. Njia ya nchi kavu ilikatwa na Wabelgiji; bandari ilichukuliwa na Waingereza. Uhusiano wa Crewe na Molitor, ambao ulitegemea vyakula na wapagazi wa Uganda, uliingia uchungu, na mbio za kuelekea Tabora zikawa mbio kweli. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Crewe akiwa bado njiani. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na hesabu yake: ilitaka kushika ardhi ya kutosha ili baadaye ibadilishane na Ureno na kupata ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo. Biashara hiyo haikufanikiwa. Tabora ilikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1917, Kigoma na Ujiji zikabaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921.

Kwa Karagwe, suala lililobaki lilikuwa ni wapi ushindi wa mmoja unaishia na wa mwingine kuanza. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner na Pierre Orts walikubaliana kwamba Rwanda na Burundi ziwe za Ubelgiji, isipokuwa Kisaka, yaani ukanda wa mashariki wa Rwanda unaopakana na Kagera, ambao Uingereza iliutaka kwa ajili ya reli iliyofikiriwa kutoka Cape hadi Cairo. Kwa makubaliano hayo Karagwe ingeacha kuwa nchi ya mpakani upande wa magharibi. Mto ungepita katikati ya himaya moja. Waingereza waliutawala ukanda huo kuanzia mwaka 1922. Mwami Musinga wa Rwanda, ambaye ufalme wake ulikuwa umekatwa kipande, alilalamika, na wamisionari Wakatoliki wakamsaidia kulifikisha suala hilo Ulaya. Reli haikujengwa, na mwishoni mwa mwaka 1923 Kisaka ilirudishwa Rwanda. Mstari wa mpaka ukawekwa tena katikati ya mkondo wa Kagera, ambako upo hadi leo kama ukingo wa magharibi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa.